Mishipa Isiyolalamika: Somo juu ya Kupima Mapema Pasipo Kukata Mwili

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya mishipa ya damu, jinsi inavyoharibika kimya kimya, na jinsi inavyoweza kupimwa mapema pasipo kisu wala sindano. Somo hili latuhusu sote, lakini hasa lawahusu walimu wa mitaa, kwa maana wao ndio wanaoitwa kwanza nyumba ikipatwa na msiba.

Twaanza na habari moja tuliyoiona kwa macho yetu. Katika mtaa mmoja palikuwa na mzee wa kanisa, mtu wa nguvu, umri wake miaka 58. Alilima shamba lake mwenyewe, na mzigo wa ndizi aliubeba begani mpaka sokoni. Jumapili moja muuguzi wa zahanati alikuja na kipimo chake, akaketi chini ya mti, ili watu wapimwe baada ya ibada. Wanawake wakapanga mstari, na wanaume wachache wakawafuata. Yule mzee akapita, akacheka, akisema: "Mimi siumwi kitu. Kipimo ni cha wagonjwa. Mwenye afya atapimwa nini?" Sisi tulikuwa tumesimama karibu, tukacheka pamoja naye, wala sisi wenyewe hatukuingia mstarini siku ile. Baada ya miezi minne alikutwa amelala kati ya migomba, mkono na mguu wa kuume havina nguvu, na maneno yake hayaeleweki. Hospitalini ilionekana ya kuwa msukumo wake wa damu umepita 200. Aliishi miaka miwili baadaye, lakini jembe hakulishika tena. Mkewe alimlisha kwa kijiko.

Hatusemi kwamba kipimo cha Jumapili ile kingalimwokoa bila shaka. Hakuna awezaye kusema hivyo. Lakini twajua ya kuwa neno lake lilikuwa na kosa, nasi tulilicheka kana kwamba ni hekima. Basi na tulichunguze kosa hilo.

1. Kwa nini mishipa hailalamiki

Moyo wa mtu hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja, nao husukuma damu katika mishipa iendayo kichwani, mikononi, tumboni na miguuni. Mishipa hii ipelekayo damu kutoka moyoni huitwa ateri. Ateri ya kijana ni laini upande wa ndani, tena hutanuka na kurudi kama mpira kila moyo upigapo. Ugonjwa wake mkubwa huanza ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe. Mafuta ya damu, yaitwayo lehemu, hupenya ukutani. Mwili hujaribu kuyapiga vita. Na mahali pale huvimba, kisha hupata kovu na utando mgumu, hata njia ya damu ikawa nyembamba. Mambo yanayouharakisha ugonjwa huu yajulikana: msukumo mkubwa wa damu, ambao wengi huuita presha, moshi wa tumbako, kisukari, lehemu nyingi katika damu, tena na umri wenyewe.

Kazi hii ya uharibifu huchukua miaka mingi. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza habari za askari 300 waliouawa katika vita vya Korea, ambao mioyo yao ilichunguzwa baada ya kufa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Katika kila askari 100, kama 77 walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Angalieni, ndugu, hawa walikuwa vijana waliobeba silaha, wala si wagonjwa wa kitandani.

Mbona hawakusikia neno? Ni kwa sababu ukuta wa mshipa hauumi unapojaa mafuta polepole. Na hata njia ya damu ikizibwa nusu yake, damu ipitayo yaweza kumtosha mtu aliyepumzika. Lakini siku utando ule upasukapo, damu huganda juu yake, na mshipa huziba ghafula. Ikiwa ni moyoni, mtu hupata shambulio la moyo. Ikiwa ni kichwani, hupata kiharusi. Tena mshipa wa kichwani uliochoshwa na msukumo mkubwa kwa miaka mingi waweza kupasuka na kumwaga damu. Basi asemaye "siumwi" hajashuhudia kwamba mishipa yake ni mizima. Yeye ni kama mtu asifuye paa la nyumba yake wakati wa kiangazi.

2. Jinsi watu walivyojifunza kupima pasipo kukata

Zamani hapakuwa na njia ya kuujua msukumo wa damu ila kwa kuukata mshipa. Mwaka 1733 Stephen Hales, kasisi wa Uingereza aliyependa kuchunguza viumbe, alitoa kitabu chenye habari ya kipimo chake. Alimfunga farasi jike chini, akampasua mshipa wa paja, akatia bomba, na juu yake bomba refu la kioo. Damu ikapanda katika kioo futi 8 na inchi 3. Kipimo chake kilikuwa cha kweli, lakini ni nani angekubali kupimwa vile?

Ilipita zaidi ya miaka 150. Mwaka 1896 daktari Mwitalia, Scipione Riva-Rocci, alitangaza njia nyingine. Aliuzungusha mkono wa juu kwa mkanda wa mpira, akaupuliza mpaka pigo la damu penye kifundo cha mkono likatoweka. Ndipo akasoma kimo cha zebaki katika kioo. Mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, aliongeza jambo dogo lenye faida kubwa: aliweka chombo cha kusikilizia chini ya mkanda. Upepo ukipunguzwa polepole, sauti ya kwanza isikikayo yaonyesha msukumo wa juu, yaani moyo upigapo. Na sauti ikikoma, huo ndio msukumo wa chini, yaani moyo upumzikapo. Mambo haya mawili ndiyo asili ya kipimo alichokuja nacho muuguzi wetu chini ya mti. Siku hizi zebaki imeachwa mahali pengi, na vyombo vya umeme vimeshika kazi yake, lakini mkanda ni ule ule.

3. Kipimo cha mkono

Kipimo hiki ni rahisi, hakiumizi, nacho ni mlango wa vipimo vyote. Lakini kikifanywa ovyo husema uongo. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue taratibu zake, hata amkumbushe mpimaji kwa adabu. Apimwaye akae kimya muda wa dakika 5, ameegemeza mgongo, miguu yote miwili chini, asikunje mmoja juu ya mwingine. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, tena awe amekwisha kwenda haja ndogo. Mkono uwe wazi bila nguo, umelazwa juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda utoshe mkono. Maana mkanda mdogo juu ya mkono mnene huonyesha msukumo mkubwa kuliko ulivyo. Wala asizungumze wakati wa kupimwa.

Msukumo wa juu ukiwa 140 au zaidi, au wa chini ukiwa 90 au zaidi, tena ukionekana hivyo katika siku mbili mbalimbali, mtu huyo ana ugonjwa wa msukumo wa damu. Kipimo cha siku moja kisimtie mtu hofu. Kimrudishe kupimwa tena.

Je, jambo hili lapatikana kwetu? Ndiyo. Mwaka 2000 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Katika kila watu wazima 100, karibu 30 walikuwa na msukumo mkubwa wa damu, mjini na kijijini sawasawa. Na katika kila 100 wa hao wenye ugonjwa, waliojua habari yake hawakufika 20. Waliotumia dawa walikuwa kama 10. Na wale ambao msukumo wao ulikuwa umeshushwa ipasavyo hawakufika hata mmoja. Kisha kuanzia 2003 mpaka 2006 watafiti waliwahesabu waliopatwa na kiharusi katika Hai na Dar es Salaam. Hesabu ilipolinganishwa kwa umri, ilionekana watu kama 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka katika Hai, na kama 316 katika Dar es Salaam. Tokea hapo miaka mingi imepita, na dawa zimeenea zaidi. Lakini somo lake lingalipo, ya kwamba wengi katika wagonjwa hawakujijua kuwa ni wagonjwa.

Na tumaini lipo. Majaribio mengi ya dawa yamekusanywa, ikaonekana ya kuwa msukumo wa juu ukishushwa kwa 10 tu, hatari ya kiharusi hupungua kwa robo hivi. Kwa hiyo namba ile isomwayo mkononi ni habari inayoweza kutendewa kazi.

4. Kipimo cha kifundo cha mguu

Kipimo cha mkono huonyesha nguvu ya msukumo, lakini hakionyeshi kama njia yenyewe imeziba. Kwa jambo hili kuna kipimo kingine, nacho chatumia mkanda ule ule. Katika mtu mzima wa afya, msukumo wa juu penye kifundo cha mguu hulingana na ule wa mkono, au huupita kidogo. Ukionekana mdogo sana mguuni, maana yake kuna kizuizi njiani. Mwaka 1950 daktari Travis Winsor wa Marekani alitangaza uchunguzi wake juu ya tofauti hii, na madaktari wa leo wangali wakiitumia.

Hufanywa hivi. Mtu hulala chali na kupumzika muda wa dakika 5 hata 10. Hupimwa mikono yote miwili, kisha vifundo vyote viwili vya miguu. Mguuni hakitumiki chombo cha kawaida cha kusikilizia, ila kalamu ndogo itoayo mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii. Mawimbi hayo yakigonga damu iendayo, hurudi yamebadilika, kama vile sauti ya honi inavyobadilika gari linapotukaribia na kutupita. Habari hii ya mawimbi ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, na kwa hiyo chombo huitwa kwa jina lake. Mpimaji huisikiliza damu nyuma ya kifundo upande wa ndani, na tena juu ya wayo. Kisha huchukua namba kubwa ya mguu, akaigawa kwa namba kubwa ya mikono.

Tufanye hesabu mbili. Mtu wa kwanza ana 130 mkononi na 143 mguuni. 143 kwa 130 ni 1.10, nayo ni hali njema. Mtu wa pili ana 140 mkononi na 98 mguuni. 98 kwa 140 ni 0.70, na huyu ana ugonjwa wa mishipa ya mguu. Mpaka wenyewe ni huu: 0.90 na chini yake ni ugonjwa, toka 0.91 hata 0.99 ni mashaka, toka 1.00 hata 1.40 ni salama. Na ikipita 1.40, mshipa umekuwa mgumu hata mkanda hauwezi kuubana vema, kama ilivyo mara nyingi kwa wenye kisukari, ndipo kipimo kingine chatakiwa.

Mtu aweza kuuliza: Mguu ni kitu gani hata tuuhangaikie, ikiwa tunaogopa moyo na kichwa? Twamjibu: Mishipa ni ya mwili mmoja. Ulioziba mguuni huwa shahidi wa mingine. Watafiti waliokusanya habari za watu wengi walionyesha mwaka 2008 ya kuwa wenye namba ndogo walikufa katika miaka 10 kiasi cha mara mbili ya wenzao wenye namba njema.

Hapa twapenda kuwaambia walimu neno moja la macho. Akiwapo mzee aliyezoea kwenda mitaani kwa miguu, na sasa husimama kila hatua mia mbili kwa sababu shavu la mguu lamuuma, kisha akipumzika kidogo maumivu huisha, akienda tena hurudi, msiseme upesi, "Ni uzee." Dalili hii ni ya mshipa ulioziba, hasa kwa mvuta tumbako na mwenye kisukari. Mwambieni aende hospitali, aseme vile vile alivyosikia, aombe miguu yake ichunguzwe. Zahanati nyingi hazina kalamu ile. Lakini tabibu aweza kuanza kwa kupapasa pigo la damu miguuni na kumtuma mbele.

5. Vyombo vikubwa, na maswali matatu

Viko na vyombo vingine vikubwa zaidi. Kuna mawimbi ya sauti yatoayo picha, ambayo akina mama wajawazito wayajua. Kwa hayo daktari hutazama ukuta wa mshipa wa shingo, au upana wa mshipa mkubwa wa tumboni. Kuna na mashine ya miale ya eksirei ihesabuyo chokaa katika mishipa ya moyo. Siku hizi watu huambiwa katika matangazo walipe wapimwe mwili wote. Je, ni vema kumpima kila mtu kwa kila chombo? La. Yatupasa kuuliza maswali matatu: Je, ugonjwa huu hujificha? Je, kipimo chasema kweli bila kudhuru? Je, kuna tiba inayofaa zaidi ikianzwa mapema?

Tazameni mifano miwili. Katika Uingereza, mshipa mkubwa wa tumboni hutanuka katika wanaume wazee wengine, na ukipasuka wengi hufa. Wanaume karibu 68,000 wenye miaka 65 hata 74 waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likaitwa kupimwa kwa picha ya mawimbi. Mwaka 2002 ilitangazwa ya kuwa katika miaka 4 hivi, vifo vya ugonjwa huo katika fungu lililoitwa vilikuwa vichache kwa 42 katika 100. Kwa hiyo toka 2009 Uingereza ilianza kuwaita wanaume watimizapo miaka 65. Hapa maswali yote matatu yamejibiwa vizuri.

Lakini mshipa wa shingo ni habari nyingine. Wataalamu wa Marekani wenye kazi ya kushauri juu ya vipimo vya kinga walisema mwaka 2014, wakarudia mwaka 2021, ya kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe mshipa wa shingo ovyo. Kwa nini? Kwa sababu wenye kuziba sana ni wachache, picha huweza kumshtaki asiye mgonjwa, na upasuaji ufuatao waweza wenyewe kuleta kiharusi. Hata juu ya kipimo cha kifundo, wataalamu hao walisema mwaka 2018 ya kuwa ushahidi hautoshi kumpima kila mtu asiye na dalili. Kwa hiyo kipimo hicho tukitafute kwa mwenye maumivu ya kutembea, au kwa yule ambaye daktari aona ana hatari. Bali kipimo cha mkono ni cha kila mtu mzima.

6. Kupima si kuponya

Jambo la mwisho ni hili. Twamjua na mtu wa namna nyingine: hupimwa kila mwezi, huiandika namba katika daftari kwa hati nzuri, kisha hurudi kwenye sigara yake na chumvi yake, na vidonge huviacha mara ajionapo mzima. Huyu naye amekosa kama yule mzee aliyecheka. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta; kuutazama ufa kila siku si kuuziba.

Basi mtu akiambiwa namba yake ni mbaya, afanye haya: aache tumbako kabisa, apunguze chumvi, isipite kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula, atembee kila siku, apimwe sukari, na dawa aliyopewa aimeze kila siku, hata siku asiposikia neno, kwa maana dawa hii haikuletwa kuondoa maumivu. Akitaka kuiacha, na aseme kwanza na daktari. Na sisi tulio karibu naye tusimvunje moyo kwa kumwambia ya kuwa vidonge ni vya maisha kama vile ni aibu. Chakula nacho ni cha maisha, wala hatuoni haya.

Twamaliza kwa kuungama. Baada ya kumzika yule mzee tulikwenda zahanati ile ile. Namba yetu ilikuwa 158 kwa 96, na baada ya juma moja ilikuwa vivyo hivyo. Hatukuwa tumeumwa hata kichwa. Toka siku ile twameza dawa, na Jumapili muuguzi ajapo, sisi ndio tunaoketi wa kwanza chini ya mti, mkono wazi, mbele ya wazee wote. Hakuna acheke sasa; na mstari wa wanaume umekuwa mrefu.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini mtu aweza kuwa na mishipa mibovu asisikie maumivu?
2. Taja mambo matano ya kuangaliwa kabla ya kupimwa mkono.
3. Mtu ana 150 mkononi na 120 mguuni. Namba yake ni ngapi, nayo yasema nini?
4. Ni maswali gani matatu yatupasayo kuuliza juu ya kipimo cho chote?
5. Katika mtaa wako, ni nani asiyepimwa kwa sababu asema haumwi? Utamwambia nini juma hili?